Nani Mwenye Kesi? Arusha Mjini 2010 na Matusi ya Jukwaani

Tarehe 5 Aprili 2012 Mahakama Kuu mjini Arusha ilitengua ubunge wa Godbless Lema wa CHADEMA. Hukumu ile ilihusu maneno. Wapiga kura watatu walikuwa wamefungua shauri wakidai kwamba kwenye kampeni za 2010 Lema alimkashifu mshindani wake wa CCM, Dk. Batilda Burian, kwa jinsia yake, dini yake na ukazi wake. Lema alikana. Jaji alikubaliana na walalamikaji, kiti kikawa wazi. Tarehe 21 Desemba mwaka huohuo, kwa Rufaa ya Madai Namba 47 ya 2012, Mahakama ya Rufani ikamrudishia Lema kiti chake.

Mjini Arusha kesi hii inakumbukwa kama ushindi wa Lema au kama pigo kwa CCM, kutegemea bendera iliyokuwa inapepea kijiweni. Mimi naisoma kama kesi ya mwanamke mgombea, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kiini cha shauri tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiye ambaye mwishoni hakuna aliyemuuliza. Rufani iliamua kwamba walioleta shauri hawakuwa na haki ya kisheria ya kulileta. Wao kama wapiga kura hawakuwa wameguswa. Aliyeguswa, kama kulikuwa na aliyeguswa, ni Burian, naye hakufungua kesi. Basi miaka miwili ya mawakili, mashahidi na vichwa vya habari ikaishia mlangoni, na swali kubwa likabaki nje: mwanamke anayegombea jimbo akisemwa jukwaani kwa uanamke wake, sheria inamlinda vipi, na kwa mkono wa nani?

Mgombea alikotokea

Burian hakuwa mgeni wa siasa mwaka 2010. Alikuwa mbunge wa viti maalum, yaani viti vya wanawake vinavyojazwa kwa orodha za vyama bila kura ya jimbo, na waziri katika Ofisi ya Makamu wa Rais akishughulikia mazingira. Mwaka ule CCM ilibadilisha utaratibu wake wa kura za maoni za ubunge: badala ya wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo kuamua, wanachama wenye kadi walipiga kura kwenye matawi yao. Kura hizo zilipigwa tarehe 1 Agosti. Burian akamwangusha Felix Mrema, aliyekuwa mbunge wa jimbo, akapewa kupeperusha bendera.

Hapo pana uzito wake. Viti maalum vilianza mwaka 1985 vikiwa 15 tu, vikapanda hatua kwa hatua hadi asilimia 30 ya Bunge kufikia uchaguzi wa 2005. Tangu hapo wanawake wenye viti hivyo wamekuwa wakiambiwa maneno yaleyale: mmekaa vya kutosha kwenye viti vya kupewa, nendeni majimboni mkapambane, muachie wengine. Ushauri una mantiki. Kiti maalum hakina wapiga kura wa kukuita mkutanoni wakuulize kuhusu mfereji wa maji. Kina chama, na chama kinaweza kukusahau kwenye orodha inayofuata. Arusha ililiona hilo waziwazi mwaka 2011, CHADEMA ilipowafukuza madiwani wake watano baada ya mgogoro wa umeya. Wanne walikuwa wa kata, na Julai 2013 wananchi wa Elerai, Kaloleni, Kimandolu na Themi walikwenda kwenye uchaguzi mdogo kuziba nafasi zao. Wa tano alikuwa wa viti maalum. Kwa nafasi yake hakuna mwananchi aliyepanga foleni.

Kwa hiyo Burian alifanya hasa kile ambacho wanawake wanahimizwa kufanya. Aliacha njia ya orodha, akapita kwenye matawi, akamshinda mwanamume aliyekalia kiti, akasimama mbele ya mji mzima. Na jimbo lenyewe si jepesi. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, Arusha Mjini haijawahi kumchagua mwanamke kuwa mbunge wake, na Moshi Mjini nayo ni vivyo hivyo. Kitaifa picha haipishani sana: katika uchaguzi wa 2020, kati ya majimbo 264, wanawake walioshinda walikuwa 26.

Tarehe 31 Oktoba 2010 Lema alishinda. Arusha ilitaka mabadiliko, vijana walikuwa wamejaa kila mkutano, na sioni sababu ya kuamini kwamba maneno peke yake ndiyo yaliyompa kiti. Wapo maelfu ya wanawake waliompigia Lema kura wakijua wanachotaka. Nalisema mapema kwa sababu uchambuzi wa kesi hii huharibika pale mtu anapotaka kuitumia kumshusha Lema au kumsafisha. Niliyonayo ni shida ya sheria na ya siasa zetu, na ingekuwepo hata kama vyama vingebadilishana nafasi.

Kifungu chenyewe

Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343, ndiyo iliyotumika wakati ule. Kifungu cha 108 kiliorodhesha sababu zinazoweza kubatilisha ushindi wa mbunge. Mojawapo, kwa maneno yangu, ni hii: ikithibitika kwamba wakati wa kampeni mgombea, au mtu mwingine kwa niaba yake huku yeye akijua na kuridhia, alitoa maneno kwa nia ya kutumia tofauti za kabila, rangi au dini, au, pale wagombea wasipokuwa wa jinsia moja, kwa nia ya kutumia tofauti hiyo ya jinsia.

Nimeona wanawake wenye uzoefu mrefu wa siasa wakishangaa kusikia kifungu hiki kilikuwepo. Ni kifungu chenye nguvu kubwa. Kiliweka uanamke wa mgombea kwenye orodha moja na kabila na dini, mambo ambayo Tanzania imejifunza tangu uhuru kuyaogopa jukwaani. Mtu akisimama Ngarenaro, hapa Arusha mjini, akasema msimchague fulani kwa sababu ni wa kabila fulani, hata wapambe wake watainamisha vichwa. Akisema msimchague kwa sababu ni mwanamke, au akaligusa jambo hilo kwa mafumbo ya ndoa na ya mwili, wengi watacheka na kupiga vigelegele, wanawake wakiwemo. Sheria iliyaona makosa haya mawili kuwa ya uzito mmoja. Mtaa haujayaona hivyo.

Lakini kifungu kina ugumu wake. Mahakama zetu zimetaka madai ya aina hii yathibitishwe bila kuacha shaka ya maana, kama kesi ya jinai. Ni lazima mlalamikaji aoneshe nia. Na ni lazima, kama maneno yalitoka kwa mwingine, aoneshe kwamba mgombea alijua na aliridhia. Anayezijua kampeni za mjini anajua maneno mabaya kabisa hutoka wapi: kwa mshereheshaji anayepasha mkutano moto kabla mgombea hajafika, kwa kijana kwenye gari la matangazo, kwa nyimbo zinazotungwa palepale. Mgombea anafika, anaketi, anatabasamu, anahutubia kuhusu barabara. Utathibitishaje kwamba tabasamu lile lilikuwa ridhaa?

Na dawa yake ni moja tu, nayo ni nzito mno. Ukishinda, uchaguzi mzima unafutwa. Jaji anapoombwa afute kura za makumi ya maelfu ya watu kwa sababu ya sentensi zilizosemwa kwenye mikutano kadhaa, mkono wake lazima uwe mzito. Sheria haikumpa kitu cha katikati.

Mlango uliofungwa

Kifungu cha 111 cha sheria hiyohiyo kilitaja wanaoweza kufungua shauri la uchaguzi: mtu aliyepiga kura au aliyekuwa na haki ya kupiga kura, mtu anayedai alikuwa na haki ya kuteuliwa au kuchaguliwa, mgombea, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ukisoma kwa haraka utasema wale watatu walikuwa ndani. Walikuwa wapiga kura. Rufani ikasoma kwa undani zaidi: mpiga kura anaruhusiwa kuja mahakamani pale haki zake mwenyewe zinapovunjwa. Akizuiwa kupiga kura, kwa mfano. Kashfa dhidi ya mgombea si jeraha la mpiga kura.

Naielewa hoja. Bila kizuizi cha namna hiyo, kila chama kinachoshindwa kitatafuta watu watatu wenye vitambulisho vya mpiga kura na kuwatanguliza mbele, chenyewe kikijificha nyuma. Wananchi waliochagua mbunge wao wanastahili kulindwa dhidi ya mchezo huo. Arusha Mjini ilikaa bila mbunge miezi minane na zaidi, na hiyo ni hasara halisi.

Ila siikubali sehemu inayosema wapiga kura hawakuguswa. Chukua mwanamke wa Sombetini au wa Unga Limited, mwenyekiti wa kikundi cha vikoba, ambaye majirani wamekuwa wakimwambia agombee udiwani. Amesimama kwenye mkutano wa kampeni akiwa na mtoto mgongoni, anamsikia msemaji akimchambua waziri mzima, mwenye shahada ya uzamivu, kwa mambo ya kitandani na ya nyumba aliyoolewa. Anawasikia wanaume wa mtaa wake wakishangilia. Mwanamke huyo ana haki ya kuchagua, na Katiba imempa pia haki ya kuchaguliwa. Jioni ile haki yake ya pili imepunguzwa, na yeye mwenyewe ndiye anayejua kwa kiasi gani. Uchaguzi unaofuata hatachukua fomu, wala hatamweleza mtu kwa nini. Tutahesabu madiwani wa kuchaguliwa, tutaona wanawake hawafiki mmoja kwa kila kumi, tutaitisha semina ya kuwajengea uwezo. Uwezo alikuwa nao.

Ibara ya 26(2) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi. Kwa maoni yangu, katazo la kutumia tofauti ya jinsia kwenye kampeni liliwekwa kwa faida ya uchaguzi wote, kama lile la kabila. Hatusemi matusi ya kikabila ni shida ya aliyetukanwa peke yake.

Kwa nini aliyetukanwa haendi

Baada ya Rufani kusema hivyo, mzigo wote ulirudi kwa mgombea mwenyewe. Sizungumzii sababu binafsi za Dk. Burian, ambazo ni zake. Nazungumzia hali ya mwanamke yeyote aliyeshindwa jimbo katika mji kama huu.

Ana siku 30 tangu matokeo yatangazwe. Ametoka kwenye kampeni, akiba imekwisha, wapambe wanadai, nyumbani kuna mambo aliyoyaacha kwa miezi mitatu. Ili kesi isikilizwe anatakiwa kuweka dhamana ya gharama, hadi shilingi milioni 5 kwa kila mlalamikiwa. Anaweza kuomba mahakama impunguzie, lakini hilo nalo ni shauri ndani ya shauri. Wakili hajalipwa bado.

Tuseme pesa imepatikana. Sasa ili kuthibitisha kashfa ni lazima irudiwe. Shahidi wa kwanza anaapa na kuyatamka maneno. Wakili wa upande wa pili anamuuliza: yalitamkwa hivi au vile? Shahidi anayarudia. Karani anaandika, waandishi wa habari wako kwenye benchi la nyuma, kesho yake yamo magazetini kwa herufi kubwa. Waliokosa kuyasikia Oktoba wanayasikia Februari. Mume anayasoma, wakwe wanayasoma, watoto wanaulizwa shuleni. Kisha anapanda yeye kizimbani kuhojiwa kuhusu ndoa yake, mimba zake, safari zake, ili ijulikane kama alichosemwa ni uongo au la. Mwanamume aliyetukanwa kwa ukabila haulizwi kama kweli yeye ni wa kabila hilo kwa namna inayomvua nguo.

Na kuna chama. Chama tawala kina njia nyingine za kumpoza mtu wake. Burian aliteuliwa balozi nchini Kenya, baadaye Japani, na miaka ya karibuni amekuwa mkuu wa mkoa wa Tabora na kisha Tanga. Ni utumishi wa heshima na hakuna wa kuubeza. Ninachokiona ni mkondo: mwanamke mwenye uwezo anapozuiwa kwenye sanduku la kura, anapokelewa kwenye mlango wa uteuzi, na mzozo wa kule kwenye sanduku unasahaulika bila kutatuliwa. Mama Anna Mghwira, mwanamke pekee aliyegombea urais mwaka 2015, kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, naye aliingia serikalini kwa uteuzi, mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro mwaka 2017. Uteuzi unampa mtu mmoja kazi. Anayebaki Sombetini haumgusi. Kwa upinzani hata mlango huo haupo. Mwanamke wa CHADEMA akitukanwa na mgombea wa CCM anabaki na chama kisicho na fedha na baraza la wanawake ambalo mara nyingi huitwa kuhamasisha, si kuamua.

"Huyu si wa hapa"

Kati ya madai matatu, jinsia, dini na ukazi, la ukazi ndilo linaloonekana jepesi. Kuuliza mgombea anatoka wapi ni haki ya mpiga kura, mtu atasema. Kwa mwanamke lina sumu yake.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro na ya Meru ardhi ya ukoo kwa desturi imepita kwa watoto wa kiume. Kihamba, shamba la ukoo, ni cha mtoto wa kiume. Binti analelewa akijua ataondoka. Akiolewa anafika kwa watu ambao watamwita mgeni hadi azikwe. Akitaka kugombea alikozaliwa anaambiwa wewe umeolewa, nenda kwa mumeo. Akitaka kugombea kwa mumewe anaambiwa wewe umekuja tu. Hakuna kata ambayo ni yake. Mwanamume hahojiwi hivyo, na Arusha ni shahidi: mwaka 1995 mji huu ulimpa ubunge Makongoro Nyerere, mtoto wa Butiama, kupitia NCCR-Mageuzi. Arusha ni mji wa watu waliokuja, kuanzia madereva wa watalii hadi wafanyabiashara wa Soko Kuu. Ugeni unakumbukwa pale mgombea anapovaa kitenge.

Kifungu cha 108 kilitaja kabila, rangi, dini na jinsia. Ukazi hakikuutaja, na kwa hiyo msemaji mjanja anaweza kusema yote aliyotaka kusema kuhusu mwanamke kwa kusema tu kwamba si wa hapa.

Ukitaka kuona uchaguzi usio na shida hii, tazama Same Mashariki, palepale mkoani Kilimanjaro. Anne Kilango Malecela wa CCM alilichukua jimbo mwaka 2005, akalishika hadi 2015 alipoangushwa na Naghenjwa Kaboyoka wa CHADEMA, kisha Kilango akarudi 2020. Mwanamke dhidi ya mwanamke. Jinsia ikawa haina kazi kwenye mizani, watu wakabaki na hoja za barabara za milimani na soko la tangawizi ya Mamba Miamba. Wapare wa Same si malaika kuliko watu wa Arusha. Silaha ile haikuwa na wa kupigwa nayo.

Pa kushika

Sheria ya uchaguzi iliandikwa upya mwaka 2024, na marekebisho ya sheria za vyama ya mwaka huohuo yamevitaka vyama viwe na sera ya jinsia. Sera ni karatasi hadi chama kimwadhibu msemaji wake chenyewe, kabla mshindani hajalalamika. Hilo ndilo ningependa kuliona Arusha: katibu wa wilaya anayemshusha jukwaani mshereheshaji wake mbele ya umati.

Njia ya mahakama ni ndefu na inakuja mwishoni. Njia ya kamati za maadili ya uchaguzi ni fupi, inafanya kazi kampeni zikiendelea, na haifuti kura ya mtu. Ina meno pia: Oktoba 2020 kamati ya kitaifa ilimsimamisha Tundu Lissu kufanya kampeni za urais kwa siku 7 kwa sababu ya maneno. Chombo kinachoweza kumnyamazisha mgombea urais wiki nzima kinaweza kumnyamazisha mgombea udiwani aliyemdhalilisha mwanamke kwenye mkutano wa kata. Adhabu ya aina hiyo, siku chache bila jukwaa wakati kila siku ina thamani, wanasiasa wanaiogopa kuliko kesi ya miaka miwili.

Kinachotakiwa ni mlalamikaji asiwe mgombea peke yake. Chama chake kiandike barua, kwa jina la chama. Mwanasheria Mkuu, ambaye sheria ilimtaja miongoni mwa wenye haki ya kufungua shauri, atakiwe kueleza Bungeni amezitumiaje nguvu hizo. Na timu ya kampeni ya mwanamke, hata wa udiwani Kaloleni, iwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumbukumbu: anahudhuria mikutano ya upande wa pili, anarekodi kwa simu, anaandika tarehe, uwanja, jina la msemaji, na nani alikuwa ameketi jukwaani wakati huo. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayojibu swali la kujua na kuridhia. Mwaka 2010 kazi hiyo ilihitaji kamera ya kukodi. Leo inahitaji betri iliyojaa na mtu mwenye subira ya kusimama juani kwa muda wa saa tatu, na malalamiko yafike kwenye kamati kesho yake asubuhi, mgombea mwenyewe akiwa tayari kwenye mkutano wake unaofuata.